Tangi la maji ya moto lenye njia nyingi za joto: lini linafaa nyumba ya wageni Zanzibar

Tangu Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wenye nyumba za wageni wengi hawapendi kutegemea njia moja. Waya wa baharini wa megawati 100 wa mwaka 2013 umepunguza hofu, lakini bili ya umeme ipo palepale. Ndiyo maana tangi linalopokea joto la jua, la umeme, la pampu ya joto na hata la jiko la kuni linavutia. Swali ni kama njia zote hizo zinastahili kulipiwa.

Tuanze na hesabu. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 26 hadi 60 kunataka takriban uniti 8. Elementi, yaani chuma cha umeme cha kupashia maji, ya kilowati 3 itafanya kazi hiyo kwa saa mbili na dakika arubaini hivi. Pampu ya joto nzuri, mashine inayovuta joto la hewa na kulipeleka kwenye maji, itatumia karibu theluthi ya uniti hizo. Jua letu, la wastani wa uniti 5 kwa kila mita mraba kwa siku, litaifanya kazi yote kwa paneli za kupasha maji za mita mraba 3 hadi 4 siku ya anga safi. Na lita 200 za nyuzi 60, zikichanganywa na maji ya baridi, zinatosha kuoga watu tisa au kumi wanaotumia lita 40 kila mmoja. Nyumba ya vyumba vitano haina haja ya tangi kubwa zaidi.

Anayelitaka tangi la njia nyingi ana hoja ya kweli. Masika mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, sola peke yake haimtoshelezi mgeni aliyelipia maji ya moto. Umeme ukikatika, hita ya umeme peke yake haina msaada. Njia mbili hufichiana udhaifu.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Kila koili, yaani bomba lililozungushwa ndani ya tangi kuingiza joto, ni chuma cha ziada cha kulipia, na kila tundu lisilotumika ni mahali pa kuvujia na pa kupotezea joto. Tangi la lita 200 lenye povu la kuzuia joto la sentimita 5 tayari hupoteza uniti moja hadi moja na nusu kwa siku likiwa limetulia tu. Matangi mengi ya namna hii yalibuniwa kwa nchi za baridi, ambako boila ya kupasha nyumba nayo huingia humo. Sisi hatupashi nyumba. Koili ya tatu kwetu mara nyingi ni pesa iliyolala.

Kinachoamua mambo ni mpangilio wa ndani. Koili ya jua iwe chini kabisa, kwenye maji baridi. Elementi iwe theluthi ya juu. Ikikaa hapo hupasha lita 70 tu, chini ya uniti 3, kwa muda usiofika saa moja, na maji ya chini yanabaki kusubiri jua. Fundi akiiweka chini na kuiacha imewaka usiku kucha, jua likichomoza linakuta tangi lote limeshapata moto, na paneli hazina kazi ya kufanya. Kosa hili ndilo linalowafanya watu waseme sola haifai. Weka taima iwashe elementi saa kumi jioni, baada ya jua kumaliza kazi yake.

Elementi ya juu ina dosari yake: masika maji ya chini hubaki vuguvugu kwa siku nyingi, na bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hupenda joto la namna hiyo. Chagua tangi lenye tundu la elementi ya pili chini, uiwashe kwa mkono mara moja kwa wiki mpaka tangi lote lifike nyuzi 60. Kwa tundu hilo pesa haijapotea.

Pampu ya joto inataka koili pana, kwa sababu maji yake ni ya nyuzi 55 hivi. Ukiiunganisha na koili ndogo ya sola, joto halitoki haraka, presha inapanda na mashine inajizima. Kwa Paje au Jambiani, ambako upepo wa kusi huja na chumvi, mapezi ya alumini ya pampu hiyo, yale mabati membamba yanayopitisha hewa, huliwa upesi. Iwekwe nyuma ya ukuta. Jiko la kuni silipendekezi: moto wake hauna swichi, na unataka mzunguko wa asili na bomba la wazi la kutolea mvuke.

Kabla ya hayo yote, pima maji. Visima vya pwani vina chokaa na chumvi. Chumvi hutoboa stenlesi ya daraja la 304, hasa kwenye maungio yaliyochomewa. Chukua 316, au tangi la enameli lenye fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, na fimbo hiyo uifungue kila mwaka. Bomba la paneli liwe shaba, maana PPR, bomba la plastiki, haihimili joto la jua la mchana pampu ya kuzungusha maji ikisimama. Valvu ya usalama isizibwe kamwe, hata ikidondosha: lita 200 zikipata moto huongezeka karibu lita 3, na lazima zipate pa kwenda.