Ekadashi ya Mumbai, Macheo ya Nairobi

Tuseme Ekadashi, mfungo wa Wahindu ambao siku yake huamuliwa na macheo, inaingia Jumatatu saa 12:50 asubuhi kwa saa za India, na inatoka Jumanne saa 1:30 asubuhi. Mumbai jua linachomoza saa 12:30. Jumatatu jua lilipochomoza, Ekadashi ilikuwa bado dakika ishirini iingie. Jumanne linapochomoza, bado ipo. Mtu wa Mumbai anafunga Jumanne. Nairobi nako jua linachomoza saa 12:30, ila wakati huo Mumbai imeshafika saa 3:00. Jumatatu, muda huo, Ekadashi imeshaingia. Jumanne, muda huo, imeshatoka. Mtu wa Nairobi anafunga Jumatatu. Saa hizi nimezitunga mimi ili hesabu iwe nyepesi, lakini hali yenyewe hutokea kila mwaka, na ikitokea, kundi la WhatsApp la ukoo wenye ndugu Bhuj ya India, Nairobi na Leicester ya Uingereza hupata kazi ya siku mbili.

Kwa asiyeijua, Ekadashi ni siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi: moja mwezi unapokua, nyingine unapopungua. Kwa mwaka ni 24, au 26 mwaka unapoongezewa mwezi wa ziada. Wafuasi wa mungu Vishnu, wakiwemo Waswaminarayan wenye asili ya Gujarat ambao ni wengi Afrika Mashariki, siku hiyo hawagusi nafaka wala jamii ya kunde. Anayekula, anakula viazi, karanga, sabudana (punje za wanga), matunda, na huku kwetu muhogo umeingia mezani bila kuuliza. Wapo wasiokula kitu kabisa. Ile inayoitwa Nirjala, ya Mei au Juni, hata maji hayanywewi.

Mgogoro wa tarehe unaanzia hapa: siku ya mwezi ya Kihindu, tithi, si ya saa 24. Ni muda ambao mwezi huchukua kujitenga na jua kwa nyuzi 12 angani, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi moja inaweza kuwa ya saa 19 hivi na nyingine ikakaribia 26. Inaingia na kutoka kwa wakati mmoja duniani kote. Lakini muumini anafunga siku, na siku kwa hesabu hiyo huanza jua linapochomoza, ndiyo maana vitabu vya kale huhesabu saa kuanzia macheo, kama tunavyofanya sisi na saa zetu za Kiswahili. Kanuni ya jumla inasema tithi iliyopo wakati wa macheo ndiyo inayoipa siku jina lake. Wavaishnava, yaani hao wafuasi wa Vishnu, wameikaza zaidi. Wanarudi nyuma ya macheo kwa ghati nne, yaani dakika 96, na wakikuta Dashami, siku ya kumi, bado haijatoka, basi Ekadashi hiyo ina doa na mfungo unasogezwa mbele.

Msomaji Mwislamu atakuwa ameshatabasamu: huu si ule ugomvi wetu wa mwandamo wa ndani na mwandamo wa kimataifa? Unafanana nao, ila kuna tofauti kubwa. Kwa Waislamu swali ni kama mwezi umeonekana, nani kauona, na ushahidi wake unamlazimu nani. Kwa Ekadashi hakuna anayebisha mwezi uko wapi. Kinachobishaniwa ni macheo ya mji gani.

Upande wa kwanza unasema ni macheo ya India. Ukisikiliza watu wazima wanaoutetea, hoja zao si za kupuuzwa. Kwa miongo mingi kalenda ya ukutani dukani na nyumbani ilikuwa ile iliyochapishwa Gujarat au Bombay, yaani Mumbai ya leo, na wazee walifunga kwayo, wakafa kwayo. Nani leo atasema mifungo yao ilikuwa batili? Wapo wanaosema kwamba mfungo ni utii kwa guru, kiongozi wa dini, kabla ya kuwa hesabu, na makao ya guru yakitangaza Jumanne, ni Jumanne. Halafu kuna ukoo. Familia nyingi za Kihindu za Kenya na Uganda zilitawanyika, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na kufunga siku moja ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo bado wanavifanya pamoja. Tena serikali ya India yenyewe iliona haja ya kituo kimoja. Kamati ya kurekebisha kalenda iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha, iliyoundwa mwaka 1952, ilichagua sehemu moja, nyuzi 82 na nusu mashariki, iwe kipimo cha nchi nzima, na kalenda ya taifa ikaanza kutumika 22 Machi 1957.

Hoja hiyo ya mwisho, hata hivyo, inawageukia. Kituo kile ni cha urahisi wa serikali: kupanga sikukuu za ofisi na kuchapisha kalenda moja. India ina saa moja rasmi, lakini kutoka magharibi ya Gujarat hadi mashariki ya Arunachal macheo yanapishana kwa karibu saa mbili. Hata Mumbai na Kolkata zinapishana kwa saa moja hivi. Kwa hiyo ukisema "tarehe ya India" unapaswa kujibu: India ya wapi? Wahindu wa Dwarka, magharibi, na wa Assam, mashariki, wamekuwa wakipishana siku za kufunga tangu zamani na hakuna aliyeona dini imevunjika. Na wanajimu wa kale hawakuwa wajinga wa jambo hili. Surya Siddhanta, kitabu cha kale cha elimu ya nyota, inapitisha mstari wake mkuu mji wa Ujjain, kisha inaeleza namna ya kuongeza au kupunguza muda kwa aliye mashariki au magharibi ya mstari huo. Kurekebisha kwa mahali kumo ndani ya mapokeo yenyewe. Hakukuletwa na simu janja.

Kuna ushahidi mwingine, na kwangu ndio wenye nguvu kuliko wote: mifungo mingine. Karva Chauth, ambayo wanawake walioolewa hufunga kwa ajili ya waume zao, hufunguliwa mwezi unapoonekana. Mwezi ukichomoza Delhi saa 2:00 usiku, Nairobi ni saa 11:30 jioni, jua halijazama na mwezi uko chini ya upeo wa macho. Hakuna mwanamke Parklands wala Upanga anayefungua kwa mwezi wa Delhi. Anapanda juu ya paa na chujio lake mkononi, anangoja mwezi wa kwake. Mfungo wa Ganesha wa kila mwezi, Sankashti, nao hungoja mwezi kuchomoza. Pradosh, mfungo wa mungu Shiva, hufuata machweo. Sijawahi kusikia mtu akidai machweo ya Ahmedabad ndiyo yahesabiwe Mombasa. Sasa kwa nini macheo peke yake yabaki India?

Hapa kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Kufuata tarehe ya India hakuleti kosa la aina moja kila mahali. Aliye magharibi ya India analiona jua baadaye, kwa hiyo akifunga tarehe ya India macheo yake yatamkuta ama katika Ekadashi ama katika Dwadashi, siku ya kumi na mbili. Kamwe hatakutwa na Dashami. Na mapokeo yanavumilia zaidi mfungo uliogusana na Dwadashi kuliko uliogusana na Dashami. Aliye mashariki, kwa mfano Fiji ambako vibarua kutoka India walianza kufika mwaka 1879, anaona jua saa nyingi kabla ya Mumbai. Yeye akifuata tarehe ya India anaweza kufunga wakati Dashami ingali ipo, na hilo ndilo doa lenyewe ambalo kanuni iliwekwa kulikwepa. Kwa hiyo mzee wa Nairobi aliyefuata kalenda ya Bombay maisha yake yote alikuwa upande wenye nafuu. Mwenzake wa Suva, Fiji, hakuwa na bahati hiyo.

Nafuu lakini si salama. Mfungo wa Ekadashi una mwisho wake: unafunguliwa kesho yake asubuhi ndani ya Dwadashi, baada ya robo yake ya kwanza kupita. Katika mfano wetu, aliyefunga Jumanne Nairobi amefunga siku ambayo alipaswa kufungua, na Jumatano anapofungua huenda Dwadashi imeshakwisha. Makosa mawili kwa kalenda moja.

Je, hutokea mara ngapi? Hesabu ya haraka ya longitudo: Mumbai na Nairobi zinatofautiana kwa saa mbili na dakika 24 za jua, yaani sehemu moja ya kumi ya siku. Katika Ekadashi 24, mbili au tatu zitapishana. Leicester ni kama tano. Toronto, ambako tofauti inapita saa kumi, ni kama kumi.

Upande wa macheo ya mahali nao una kichekesho chake. Kisumu na Mombasa zinapishana kwa dakika kama ishirini za jua. Tithi ikitoka ndani ya dakika hizo, kila baada ya miaka mitatu hivi, ndugu wawili ndani ya Kenya watafunga siku tofauti. Mwenye kanuni kali atasema iwe hivyo. Mimi naona hapo hekalu la mji mkubwa linaweza kuwasemea wote bila kuharibu kitu, kwa sababu kanuni iliyotungwa kwa kijiji haikukusudia kugawa meza moja. Tofauti ya dakika ishirini na ya saa kumi si kitu kimoja, na wanaotaka kanuni moja izibebe zote mbili ndio wanaofanya mjadala usiishe.

Kwa Ekadashi, basi, nipo na macheo ya mahali, kwa nchi au mji mkubwa. Vuguvugu la Hare Krishna hutoa kalenda kwa kila mji, na programu za simu huuliza uko wapi kabla ya kutaja tarehe. Tatizo lililobaki ni dogo na la aibu kidogo: wengi huacha simu ikisoma New Delhi, na kalenda nyingi za ukutani hazisemi zimepigiwa hesabu mji gani. Jina la mji likiandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, nusu ya ubishi itakwisha.

Nusu nyingine ni ya wasafiri. Mtu aliyekuwa Mumbai Jumatatu, akala kawaida akingoja Jumanne, kisha akapanda ndege ya usiku, atatua Nairobi Jumanne asubuhi na kukuta wenyeji wanafungua. Aliyekwenda upande wa pili amefunga Jumatatu Nairobi, na Jumanne Mumbai anakuta nyumba nzima imefunga. Wa kwanza, kwa maoni yangu, afunge hiyo Jumanne, kwa kuwa Dwadashi ni bora kuliko kukosa kabisa. Wa pili ameshamaliza wajibu wake. Ila akae chonjo na saa ya kufungua: kwa Mumbai Dwadashi inaanza Jumanne saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo akingoja Jumatano afungue pamoja na wenyeji, huenda akabakiwa na muda mfupi tu wa Dwadashi baada ya macheo.