Usimtoe stesheni masta kama hujanakili daftari lake

"Kijana wangu, tovuti naiona, imependeza. Ila wale wateja wa Dar wanasema barua zao zinarudi."

Ilikuwa saa mbili usiku, na mzee aliyenipigia anauza asali ya jumla hapa Tabora. Kabla hajamaliza nilishajua nilichofanya. Siku mbili nyuma nilikuwa nimehamishia tovuti yake kwenye seva mpya. Kampuni yenye seva hiyo ilinipa maelezo yale yale wanayompa kila mtu: weka nemseva zetu hizi mbili (seva zinazoujibu mtandao domeni yako iko wapi), basi. Nikaingia kwenye akaunti ya msajili wa domeni, yaani kampuni iliyoandikisha jina la tovuti yake, nikafuta za zamani, nikabandika mpya, nikahifadhi. Dakika tatu. Nikaenda zangu kunywa chai.

Mimi sasa naona agizo hilo ni la kivivu, na sisi mafundi tunalifuata kivivu zaidi.

Sisi wa Tabora tunaielewa njia panda. Treni ikitoka Dar, hapa ndipo mabehewa ya Mwanza yanapoachana na ya Kigoma. Nemseva ni stesheni masta mwenye daftari la domeni yako: rekodi A inasema tovuti iko seva ipi, MX inasema barua pepe zipelekwe wapi, TXT inataja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Ukibadili nemseva hujageuza behewa moja. Umemtoa stesheni masta, na mpya kaja na daftari lake mwenyewe. Barua za mzee zilikuwa kwenye huduma nyingine kabisa, lakini daftari jipya likazielekeza kwenye seva ya tovuti, ambako hakuna sanduku lenye jina lake. Lazima zirudi.

Nilichohitaji kilikuwa kubadili mstari mmoja tu, rekodi A.

Na kuna jambo la muda, ambalo ndilo linaloniudhi. Kila rekodi ina muda ambao mitandao inaruhusiwa kulihifadhi jibu lake; wa rekodi A unaweza kuushusha hadi sekunde 300 siku moja kabla ya kuhama. Ukikosea, unarudisha na watu hawajui kitu. Muda wa nemseva haupo mikononi mwako. Kwa .com, anayesimamia .com ameuweka sekunde 172,800, yaani siku mbili, na mitandao iliyokwisha kulihifadhi jibu hilo inaweza kuling'ang'ania muda wote huo. Ndiyo maana baada ya kuhama mmoja anaona tovuti mpya, jirani yake bado anaona ya zamani, na fundi anapigiwa simu na wote wawili.

Kuna siku kubadili nemseva ni halali, mfano unapoikimbia kampuni moja kwa moja. Basi nakili daftari zima upande mpya kwanza, mstari kwa mstari, ndipo ubadili, na usifunge huduma ya zamani wiki hiyo. (Domeni yenye DNSSEC, yaani sahihi za kuthibitisha kuwa majibu ya daftari ni ya kweli, ina rekodi ya DS inayowekwa kupitia msajili; ukisahau kuiondoa au kuibadili, domeni nzima inazimika kwa wengi.)

Usiku ule nilirudisha MX za mzee. Rekodi mbovu ilikuwa imepangiwa sekunde 14,400, masaa manne, kwa hiyo nilikaa nikiituma barua ya majaribio hadi baada ya saa sita. Asubuhi wale wa Dar wakatuma oda upya. Mzee akaniletea chupa ya asali kwa kunishukuru. Niliona aibu kuipokea, lakini niliipokea.