Fulana ya Kijani

Nina fulana ya kijani ambayo mke wangu amenikataza kuivaa nikivuka barabara ya lami. Kitambaa chake ni kizuri, hakijapauka, na kifuani pamechorwa kichala cha zabibu cha kutamanisha. Shida iko mgongoni. Mgongoni pameandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: WE FIGHT WITH WOMEN. Aliyetunga maneno hayo ni mimi. Tulichapisha fulana 30 kwa fedha za kikundi, shilingi 12,000 kila moja, na fundi aliyezichapa pale mjini, jirani na soko la Majengo, alikuwa anacheka muda wote. Nikadhani anaipenda kazi yake.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Ukatibu wenyewe nimeupata kwa sababu moja tu: cheti changu cha kidato cha nne kina D ya Kiingereza. Mjini D hiyo ni ya kuficha chini ya godoro. Kwetu naitwa Profesa, na naletewa hata vibandiko vya dawa ya ubwiri unga nisome kipimo.

Zabibu za Dodoma, kama hujui, huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu unalala kipindi chote cha baridi, wetu haulali. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, ikishakata mwezi wa nne tunabaki na vumbi na upepo, na mavuno ya pili yanategemea kisima. Kisima chetu ni kimoja, cha kuvuta maji kwa mkono. Kwa hiyo tuliposikia kuna mgeni kutoka Uingereza anazungukia vikundi vya kusaidiwa, ombi letu lilikuwa fupi: pampu ya sola.

Fulana ndiyo ilikuwa mchango wangu. Nilishasikia kwamba wafadhili wanapenda kuona akina mama wakishirikishwa, nikataka mgeni asome kwamba sisi na akina mama tunapambana bega kwa bega. Kupambana ni "fight". "Na" ni "with". Akina mama ni "women". Nikaiangalia sentensi ile, ikanyooka kama tofali lililotoka kwenye kalibu.

Gari lilifika saa nne asubuhi. Tulikuwa tumejipanga chini ya mbuyu, akina mama wanapiga ngoma, na kwa maelekezo yangu wote walikuwa wamempa mgeni mgongo ili asome vizuri. Akashuka anatabasamu. Akasoma mgongo wa kwanza. Akasoma wa pili. Akafika kwa mama mmoja aliyebeba mtoto, mbeleko imefunika nusu ya maandishi, yamebaki mawili tu ya juu: WE FIGHT. Tabasamu likakauka palepale. Mimi nikasema moyoni, ameguswa.

Tukakaa kwenye viti vya plastiki, mahojiano yakaanza. Mgeni akauliza mama mwenyekiti aliupataje uongozi. Mama mwenyekiti ni mwanamke wa maneno machache, akanigeukia: "Mwanangu, mwambie niligombea na huyu mzee mara tatu. Mara mbili alinishinda. Mara ya tatu nikamshinda mimi, naye akakubali matokeo."

Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kando yake, kibuyu chake cha togwa miguuni. Ana miaka zaidi ya sabini. Nikakohoa, nikatafsiri:

"She fight this old man three times. Two times, he beat her. Number three, she beat him, until he accept."

Mgeni akamtazama mzee. Mzee, aliyeona anatajwa, akatabasamu kwa meno yake manne na kunyoosha vidole vitatu juu kuthibitisha.

Mgeni akauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyeumia. Nikamfikishia mama mwenyekiti. "Aliumia sana," akasema, akijigonga kifuani kuonyesha ni moyoni, "ila tulimpelekea mbuzi, yakaisha." Hapo nilitafsiri neno kwa neno na sikukosea hata moja. Hadi mbuzi. Kalamu ya mgeni haikutulia.

Akauliza tena: je, hali hiyo bado inaendelea? Mimi nikajua anaulizia uhai wa kikundi. Sikutaka hata kumsumbua mama mwenyekiti, nikajibu mwenyewe kwamba tunakutana kila Jumamosi, tunabishana zamu za maji, na hata mtendaji wa kijiji huja kubishana nasi. Ila kubishana kwa Kiingereza sikuwa nako. Gombana, gombea, shindana, bishana, pambana, pigania: Kiswahili kilinipa duka zima, lakini upande wa pili nilivuka na neno moja mfukoni, na neno lenyewe lilikuwa lilelile la kwenye fulana. Kwa hiyo alichosikia mgeni ni kwamba kila Jumamosi, chini ya mbuyu ule, tunapigana, na serikali ya kijiji huja kutuunga mkono.

Aliondoka bila kula. Kuku wawili walishachinjwa.

Baada ya miezi miwili ikaja barua. Nikaifungua mbele ya wanakikundi wote, nikatafuta neno pampu. Halikuwepo. Tulikuwa tumepewa semina ya siku tatu ya kutatua migogoro na kuzuia ukatili, wawezeshaji, chakula, na madaftari.

Ndipo nikamwita binti wa kaka yangu, anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ili anisaidie kuelewa. Akaisoma barua, akashangaa. Kisha akaniona nimegeuka kuchukua maji mtungini, akausoma mgongo wangu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka.

"Baba mdogo," akasema alipopata pumzi, "hili 'with' linawachanganya hata wenyewe. Wakisema askari 'fought with the French', huwezi kujua kama walikuwa upande wa Wafaransa au walikuwa wanawarushia risasi, mpaka usome mbele. Ungeweka 'alongside' ungepona. Ungeweka 'for', mngekuwa mnawapigania akina mama."

Akaanza kunifundisha, nami nikachukua daftari maana aibu ilishazidi kiwango. Kwetu, alisema, kitenzi kinageuka mkia tu: gomba, gombana, gombea, gombania. Mwingereza hana mkia, ama anabadili neno zima ama anabandika kineno nyuma yake. Watu wakipishana mawazo kwa hoja, hiyo ni "argue", na mtu anaweza kuifanya peke yake, kwenye karatasi, bila mpinzani. Hasira ikiingia, watu wakanuniana, ni "quarrel". Kukiwa na utaratibu, msimamizi na muda wa kuzungumza, kama wanavyofanya wabunge wetu pale mjini, ni "debate", ingawa neno hilo nalo ukilifukua mpaka kwenye Kilatini unakuta asili yake ni kupiga. Mbio, biashara na mitihani ni "compete". Na "beat" ni mtego kabisa, kwa sababu ni kushinda na ni kupiga vilevile.

"Mimi ningejuaje?" nikamuuliza.

"Ungesema 'won', baba mdogo."

Na kugombea? Hapo ndipo nilipochoka. Akasema Mwingereza akigombea kiti husema anasimama, "stand". Mmarekani akigombea kiti kilekile husema anakimbia, "run". Mmoja kasimama, mwingine anakimbia, na mimi wangu nikawapeleka ulingoni. Lipo pia "contest", nikataka kuliandika kwa wino mwekundu, akanionya: hilo ni kugombea, lakini ukilitumia kwenye matokeo linakuwa kuyapinga. Nikalifuta.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kumbe mtu na mkewe wakizozana kwa maneno tu, kikombe kimoja hakijavunjika, Mwingereza naye husema "we had a fight", na hakuna anayemwitia polisi. Ingekuwa mama mwenyekiti na mzee ni mke na mume, pengine mgeni angetupita salama.

Mwishoni akanitajia neno "rival", mshindani. Asili yake ni Kilatini, mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Jioni nikampelekea mama mwenyekiti neno hilo kama zawadi ya kuombea msamaha. Akafikiri kidogo, akauliza: "Kwani hao Walatini nao walikuwa na kisima kimoja?"

Semina ikafika. Mwezeshaji alikuwa Mtanzania mwenzetu kutoka Dar, kijana mstaarabu, akatusalimu shikamoo wote hadi mimi niliyemzidi miaka mitatu. Akamweka mzee na mama mwenyekiti katikati ya ukumbi, akawaomba washikane mikono na kusameheana yaliyopita. Mzee akauliza anasamehe nini, wakati mbuzi alishamla. Kwa kuwa tulizungumza Kiswahili, dakika kumi hazikuisha kila kitu kikajulikana, na kijana wa watu akacheka mpaka akatoa leso. Ila, akasema, bajeti ya siku tatu ilishapitishwa. Basi tukakaa siku tatu.

Siku ya kwanza alikosa mgogoro wa kututatulia. Siku ya pili Mungu akamwona: ukaletwa mgawo wa nauli, ikaonekana wanaokaa nyuma ya ukumbi wamesaini sawa na wanaotoka ng'ambo ya bwawa. Ukumbi ukawaka. Mama mwenyekiti alisimama juu ya kiti, mtendaji akavuliwa kofia, mimi nikaitwa Profesa kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Mwezeshaji akafungua daftari kwa furaha.

Siku ya tatu akatubandikia karatasi kubwa ukutani na kuuliza chanzo cha migogoro yetu ni nini. Watu thelathini wakajibu kwa pamoja: maji. Akaandika. Suluhisho? Pampu. Akaandika hilo pia, akalipigia mstari, na ripoti ikaandikwa na binti wa kaka yangu, mimi nikiwa nimekalishwa mbali na kalamu.

Tulipokuwa tunatawanyika, mzee akanivuta shati akanipeleka pembeni ya mbuyu, akaangalia kushoto na kulia.

"Katibu," akanong'ona, "mwakani nagombea tena. Ila tafadhali, akija mgeni, usimtafsirie."