Shangazi na Mikunga wa Hamburg

Shangazi yangu wa Tanga akifika mji wa watu haulizi makumbusho, anauliza soko. Basi Jumapili alfajiri nikampeleka Fischmarkt, soko la samaki la Hamburg, pale kando ya mto Elbe. Soko hilo lipo tangu 1703, huwa mara moja kwa wiki, na wakati wa kiangazi linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, saa tatu na nusu wanafunga. Ukifika mapema utakutana na waliokesha Reeperbahn, mtaa wa baa na starehe, bia mkononi, miguu ikitafuta ardhi.

"Hawa nao wamewahi samaki?"

"Hawajalala, shangazi."

"Astaghfirullah."

Wauzaji husimama juu ya magari yao wakipayuka kuliko makonda wa daladala. Wetu alikuwa na aproni iliyolowa mafuta na sauti iliyokauka, anauza mikunga wa kukaushwa kwa moshi, weusi, wanang'aa. Akatumbukiza mmoja kwenye mfuko, akaunyanyua juu: "Zehn Euro!"

"Anasemaje?"

"Euro kumi."

"Mwambie tano."

"Shangazi, huku..."

"Mwambie!"

Kabla sijafumbua mdomo, keshasonya ule msonyo wa Ngamiani, kanga kaifunga vizuri, kageuka kuondoka. Tanga ukigeuka hivyo bei inashuka. Kwa yule Mjerumani bei ilibaki palepale, mzigo ndio ukapanda. Akaongeza mkunga wa pili. Shangazi akatupa jicho, akapiga hatua nyingine. Wa tatu! Watu wakaanza kushangilia. Shangazi naye, akishaona ana watazamaji, humwezi. Alipokubali kutoa ile kumi, mfuko ulikuwa umejaa mikunga hadi vichwa vinachungulia nje.

Wa kuubeba ni nani? Mimi.

Ndani ya treni mfuko ukachanika chini. Mikunga hao wakateleza sakafuni, mmoja akaenda kupumzika juu ya kiatu cha mzee mmoja nadhifu, soksi nyeupe. Abiria wakanyanyua miguu. Mimi nimepiga magoti naokota huku naomba radhi, mafuta mpaka viwikoni, na kila ninayemshika anachoropoka.

Ndipo mlevi mmoja akasimama, akamnyanyua mkunga kwa heshima zote, akaigiza yule muuzaji wa sokoni: "Zehn Euro!" Behewa zima likacheka. Halafu mama mmoja, mzima kabisa, akafungua pochi akatoa noti.

Kijerumani chote cha shangazi kilikuwa neno hilo moja, na alilijua maana yake. Akaipokea noti, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamchukua mkunga mwingine.

"Zehn!"

"Shangazi, tutashushwa!"

"Wewe endelea kuokota."

Tulipofika nyumbani mume wangu akachungulia mfuko.

"Mmetoka usiku wote ule, mmerudi na mkunga mmoja?"

Shangazi akavua viatu taratibu, akamtazama.

"Unamtaka, baba? Zehn."