Bunduki ndani ya friza

Babu yangu alikuwa seremala Tanga. Mimi nilirithi mdomo tu. Ndiyo maana jirani yangu hapa Texas, mzee mwenye ugonjwa wa kuwinda, aliponionyesha bunduki anayoiunda gerejini, nikadakia: "Mbao niachie mimi, Mzee."

Anaota kuja kupiga nyati Tanzania, na kule mgeni haendi kwa nyati na kibunduki cha njiwa; huambiwa aanzie .375, yaani upana wa risasi kwa inchi. Yeye akapitiliza hadi .458 Winchester Magnum, ya mwaka 1956. Mtutu na mtambo wa kufyatulia, aina ya Mauser, alishafungiwa na fundi mwenye leseni. Kilichobaki ni kitako, gogo zuri la mti wa jozi, jeusi jeusi kama halua.

Nilichonga wiki tatu, nikapiga msasa mpaka nikaanza kujisikia babu. Ikabaki gundi. Bunduki hiyo ina teke la punda; chuma kikicheza kidogo tu ndani ya mbao, mbao inapasuka. Basi unapaka epoksi kwenye mfereji, unalaza chuma, gundi ikikauka inashika umbo lake sawasawa. Halafu unakitoa.

Hakikutoka.

Nikavuta. Mzee akavuta. Tukavuta wote, yeye huku, mimi kule, kama watoto wanaogombea muwa.

"Ile nta uliipaka kwenye chuma?" akauliza.

"Nta gani?"

"Iliyokuja na gundi. Kikopo kidogo."

Nikanyamaza. Mzee akateremsha macho taratibu mpaka miguuni kwangu. Viatu vyangu vilikuwa vinang'aa kama kioo cha kinyozi. Jamani, mimi nilidhani ni dawa ya viatu ya bakshishi!

Dawa yake, akasema, ni baridi: chuma kikisinyaa kinaachia. Friza lake dogo. Langu ni lile la kulala, la nguru na sambusa za mwezi mzima. Tukailaza humo usiku, kimshazari, haina hata risasi moja. Nikasahau jambo dogo: kumwambia mke wangu.

Alfajiri nikasikia ukelele ulioamsha mbwa wa mtaa mzima. Nikamkuta amekumbatia nguru aliyeganda, anatetemeka.

"Baba Salma! Umemuua nani?"

"Ni gundi tu, mke wangu."

"Gundi ndiyo ina mtutu?"

Baridi ilifanya kazi, lakini nusu nusu. Mzee alipogonga kwa nyundo ya mpira chuma kiliruka, kikaondoka na kipande cha mbao kama kiganja. Alikitazama kitako, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa upole kama babu yangu alikuwa na wajukuu wengine.

Sasa bunduki yake ina kitako cha plastiki. Viatu vyangu navyo, mwaka wa pili huu, hata tope haligandi.