Jina Bila Ushahidi: Je, Ni Lazima Riwaya ya Upelelezi Imnase Muuaji?

Riwaya ya mwisho ya upelelezi niliyoinunua Kisumu niliipata kwa muuzaji anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara ya Oginga Odinga, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameiharibu. Kwenye ukurasa wa mbele palikuwa na orodha ya wahusika, jina moja lilikuwa limezungushiwa duara kwa kalamu ya risasi, na pembeni pameandikwa neno moja tu: "Huyu." Nilikasirika, maana hata sura ya kwanza sikuwa nimeianza. Hata hivyo niliisoma, na kufikia katikati nikajikuta naifurahia kuliko ilivyo kawaida yangu, kwa sababu sasa nilikuwa nikimfuata mtu mmoja bila kumbandua macho. Nilimwona akitaja saa bila kuitazama saa ya ukutani. Nikamsikia akiulizia kisu ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja mbele yake. Jina nililipewa bure, lakini njia ya kutoka kwenye kisu hadi kwenye jina ilinikesheza hadi saa nane za usiku.

Mwalimu mwenzangu ambaye tumezoea kukopeshana vitabu hakupendezwa na furaha yangu. Hoja yake, ambayo ameishikilia kwa miaka mingi, ni kwamba riwaya inayomalizika kwa muuaji kutiwa pingu humdanganya msomaji wa Kenya. Humwonyesha dunia ambamo kila mauaji yametendwa na mkono mmoja, kila mkono umeacha alama, na kila alama imemfikia mtu mwenye akili ya kuisoma na uhuru wa kusema alichokisoma. Sisi tunaoishi huku, anasema, tunaijua Got Alila.

Kwa wasomaji wachanga nitaeleza. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na siku chache baadaye mwili wake ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila, umepigwa risasi na kuchomwa, huku bastola na mtungi wa mafuta vikiwa karibu. Ukiwa msomaji wa riwaya za upelelezi, hayo yote yanafanana na sura ya kwanza. Hata mpelelezi kutoka London alikuja: John Troon wa Scotland Yard, aliyewahoji watu na kuandika ripoti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Evans Gicheru ikaketi na kusikiliza mashahidi, kisha ikavunjwa na Rais Moi mnamo Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Mshukiwa aliyefikishwa mahakamani aliachiliwa mwaka wa 1994. Hakuna aliyepatikana na hatia hadi leo, na kwa sababu hiyo mwalimu huniuliza nina haki gani ya kufarijika na kitabu ambacho ndani yake mambo kama hayo hunyooka katika kurasa mia mbili.

Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Riwaya nyingi za Kiingereza tulizozisoma tukiwa vijana humtafuta mrithi mwenye tamaa au mume mwenye wivu, na akishapatikana, nyumba hurudi kwenye utulivu wake, watu wakanywa chai. Hazimwulizi aliyeamuru, wala aliyelipa, wala aliyeona akaamua kunyamaza. Msomaji aliyelelewa kwa vitabu hivyo peke yake anaweza kukua akiamini kwamba uhalifu ni kasoro ya mtu mmoja katika jamii iliyo timamu, na imani hiyo huwafaa sana wenye mengi ya kuficha.

Hata hivyo, nadhani mwalimu anakosea kuhusu kitu tunachokosa. Kisumu haina upungufu wa majina. Panda matatu ya kwenda Ahero, uitaje Koru, na kabla hujafika utakuwa umepewa majina mawili au matatu ya wauaji, kila moja likitamkwa kwa uhakika kamili na mtu ambaye ukimwuliza amejuaje, atakwambia kila mtu anajua. Jina, kwetu, ni kitu rahisi mno. Wakati mwingine hata huua: mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu zaidi ya kumi, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kudaiwa kuwa wachawi. Waliowachoma walikuwa na majina tayari, kama yule mwenye kalamu ya risasi, isipokuwa hawakuwa na kitabu cha kuthibitisha duara walilolichora.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya riwaya ya upelelezi inayofika mwisho wake. Humzoeza msomaji kulitilia shaka jina ambalo halijafikiwa kwa hatua zinazoonekana. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilielewa hilo mapema. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka wa 1957/58 na kuchapishwa mwaka wa 1960, inaanzia kwenye maiti iliyopatikana mzimuni, mahali ambapo kila mtu ana maelezo tayari ya kifo chochote. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, hamtukani anayeogopa mzimu. Anauliza tu maswali hadi hofu inakosa pa kusimama. Ni kweli kwamba anamfuata Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, kwa karibu, na ni kweli pia, kwa maoni yangu, kwamba hupenda kutuficha alichokiona hadi mwisho, jambo ambalo Padre Ronald Knox wa Uingereza alilikataza katika kanuni zake kumi za uandishi wa riwaya za upelelezi za mwaka wa 1929. Lakini kanuni nyingine ya Knox, ile inayokataza nguvu za miujiza kuingizwa katika ufumbuzi, ilikuwa mchezo wa waandishi kule Uingereza. Huku kwetu inaweza kumwokoa bibi kizee.

Jambo ninalolikubali bila kubishana ni kwamba si kila mwisho uliofungwa una thamani hiyo. Nilipokuwa kidato cha pili niliwapenda sana majasusi kama Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba, tangu riwaya ya Kufa na Kupona ya mwaka wa 1974, na bado naisifu kasi ya masimulizi yale. Lakini katika riwaya za mkondo huo adui mara nyingi hufa kwa risasi, na akifa hufa na maelezo yake. Tunaamini alikuwa na hatia kwa sababu shujaa amemwua, na hapo tumerudi palepale pa matatu ya Ahero. Kwangu mimi, riwaya ya namna hiyo inastahili lawama ya mwalimu kuliko ile ya chai na urithi, ambayo angalau humtaka mtuhumiwa asikilize ushahidi wote akiwa hai.

Mwalimu ana jibu kwa hayo, na ni jibu zito: ushahidi wa kumpa nani? Akili ya Bwana Msa ina faida gani ikiwa faili itapotea, ikiwa tume itavunjwa wiki ambayo shahidi muhimu anatarajiwa? Ndiyo maana yeye huzipenda riwaya zinazokoma bila kufumbua chochote, mpelelezi akihamishiwa mbali na msomaji akibaki gizani pamoja naye. Nimezisoma kadhaa kati ya hizo. Uchungu wake ni wa kweli, lakini baadhi yake hunikera, kwa sababu mwandishi amejipumzisha: ameshindwa kuunda njia kutoka kwenye kisu hadi kwenye jina, kisha akausingizia uovu wa serikali.

Riwaya ninayoitamani, na ambayo sijaipata kwa Kiswahili, ingetukatalia sote wawili njia ya mkato. Ingekuwa na kilima, mwili na inspekta wa kawaida wa mji kama Nakuru au Kisumu. Ingempokonya inspekta huyo faili katika sura ya kumi, impeleke kulinda kituo cha mbali, na mahakama isiketi kamwe. Lakini kila ambacho inspekta alikiona kingekuwa kimeandikwa mbele ya macho yetu, saa kwa saa, hivi kwamba msomaji makini akirudi nyuma kwa kalamu ya risasi angeweza kulizungushia duara jina moja katika orodha ya wahusika, na pembeni, badala ya "Huyu", aandike nambari za kurasa.