Nakuru tunajua mbegu ya ng'ombe, ya mbwa tunabahatisha

Hapa Leeds, mama niliyeenda kununua mbwa kwake alinikalisha mezani na kunipa karatasi kabla sijawaona watoto wenyewe. Zilikuwa alama za nyonga za wazazi wote wawili, yaani matokeo ya eksirei ya kiungo hicho. Kila upande hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, jumla 106, na zikiwa chache ndivyo nyonga ilivyo nzuri. Jike wake alikuwa na 9. Nilifurahi sana, lakini kufika nyumbani furaha ilikuwa imegeuka hasira, kwa sababu nilimkumbuka mbwa wa baba mdogo kule Kiamunyi, Nakuru.

Baba mdogo alitoa pesa nzuri kwa German shepherd aliyeambiwa ni orijino. Kabla ya kutimiza mwaka, yule mbwa alikuwa anaamka kwa shida, na akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote pamoja kama sungura. Majirani wakasema amegongwa na bodaboda. Wengine wakasema kalishwa sumu. Muuzaji akasema ni upungufu wa kalsiamu, aongezewe. (Kumjaza kalsiamu mtoto wa mbwa wa jamii kubwa huzidisha matatizo ya mifupa, lakini hilo nalo nani anamwambia mnunuzi?) Hakuna aliyewataja wazazi. Na jike aliyemzaa aliendelea kupandishwa, watoto wake wakauzwa Lanet, Njoro na Section 58.

Ule ni ugonjwa wa nyonga (hip dysplasia), na hurithiwa. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai imara kwenye kikombe cha nyonga, kinachezacheza, gegedu linasagika, na mbwa anazeeka miguu akiwa bado kijana. Uingereza ilianza kuwapima mbwa nyonga tangu 1965, madaktari wa wanyama wakishirikiana na chama cha wafugaji wa mbwa. Mbwa awe ametimiza mwaka mmoja, alazwe usingizi, alale chali miguu imenyooshwa, apigwe eksirei. Kisha picha husomwa na jopo la wataalamu, si daktari wa mwenye mbwa. Marekani wao hawatoi cheti cha kudumu mpaka mbwa afike miaka 2.

Juzi kijana mmoja wa nyumbani alinitumia tangazo la watoto wa mbwa ambao wazazi wao eti wamepimwa DNA, hivyo nyonga ni salama. Hapana. DNA huweza kukuonyesha ugonjwa unaoletwa na jeni moja. Kwa German shepherd kipo kipimo cha namna hiyo cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma uzeeni. Nyonga ni kazi ya jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, halafu lishe inaongezea yake: mtoto aliyenenepeshwa anaumia zaidi. Kwa shepherd hakuna kipimo cha DNA ya mate kinachoweza kuchukua nafasi ya eksirei. Wala mgongo ulioinama nyuma si ushahidi wa mbegu safi, jamani.

Najua yatakayosemwa. Ameenda majuu, sasa anataka mbwa wapigwe eksirei ilhali nyanya zetu wanapanga foleni hospitalini. Nyanya yangu anapanga foleni hiyo hiyo, na pesa ya dawa natuma mimi. Mwingine atasema hayo ni mambo ya wazungu. Ya wazungu? Mwulize mfugaji wa Njoro, Molo au Bahati kabla hajalipia mbegu ya dume kutoka Kabete. Atataka kujua binti za dume huyo wanatoa maziwa kiasi gani, viwele vyao vimeshikana vipi, miguu yao ikoje. Atafungua katalogi na kulinganisha. Kituo kile cha mbegu za ng'ombe cha Kabete kipo tangu 1946, na ofisi ya Kenya Stud Book, daftari la ukoo wa mifugo, iko Nakuru kwetu. Mambo ya ukoo wa mifugo tunayajua kuliko wengi ninaokutana nao huku, na hilo najivunia mbele ya yeyote. Kinachonichoma ni kwamba mtu huyo huyo, mwenye rekodi za ng'ombe wake tangu nyanya ya ndama, anatoa elfu thelathini kwa mbwa wa kulinda boma baada ya kuonyeshwa picha moja kwenye simu.

Wala sisemi huku ni peponi. Kipimo ni cha hiari, na wauzaji waongo wapo tele. Tofauti niliyoiona ni kwamba mnunuzi anauliza, na muuzaji asiye na karatasi anajieleza. Kwetu anayeuliza ndiye anayeonekana mkorofi.

Gharama? Ndiyo, eksirei na dawa ya usingizi si bure, na huenda ukalazimika kukodi probox kumpeleka mbwa mpaka hospitali ya wanyama kule Kabete. Lakini mbwa hupigwa picha mara moja, halafu anazaa miaka kadhaa, na kila mtoto anauzwa kwa bei ile ile ya orijino. Pesa ipo.

Mama anatafuta mbwa mwaka huu, na nimemwomba asitume hata shilingi kabla ya kuona majibu ya wazazi wote wawili. Muuzaji wa kwanza alikata simu. Wa pili aliuliza kipimo kinafanywa wapi na kwa bei gani. Huyo ndiye tunaendelea kuzungumza naye, na kama atampima jike wake, niko tayari kumlipa zaidi ya bei aliyotaja.